Beit al-Ajaib na Kasri: nyumba za wafalme zilivyokuja kuwa za kila mtu

Juzi kijana mmoja wa kwetu, mzaliwa wa Muscat ambaye wazee wake walitoka Malindi, kaniuliza swali ambalo nilidhani ni jepesi. "Ami, hivi lile jumba lililoanguka lilikuwa nyumba ya mfalme au makumbusho?" Nikamwambia yote mawili. Akanitazama tu. "Na jengine lile la pembeni, lenye makaburi?" Hilo pia. Hapo nikaona hajaelewa kitu, na nikaona kosa si lake, manake hata sisi tunaopita Forodhani kila jioni kula urojo tunayachanganya. Basi leo naomba tuyapange vizuri. Yanayosemwa juu ya jumba lile tangu lianguke ni mengi, na mengine hayana kichwa wala miguu.

Tuanze na kitu kimoja. Ukisimama baharini ukautazama mji, kuna majengo matatu makubwa yamejipanga ufukweni. Kuliani kwako ni Ngome Kongwe, ambayo ilikuwa ngome kweli, nyumba ya askari na mizinga. Katikati ni Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu. Kushoto ni Kasri, ambayo jina lake la zamani ni Beit al-Sahel, yaani nyumba ya pwani. Zamani palikuwa na la nne, Beit al-Hukm, lililosimama kati ya Kasri na Beit al-Ajaib. Hilo usilitafute, halipo. Nitaeleza lilikokwenda.

Sayyid Said alipohamishia makao yake Unguja kutoka Muscat alikuwa na nyumba mbili za maana. Moja ya shamba kule Mtoni, alikozaliwa binti yake Salme mwaka 1844, na moja ya mjini, hiyo Beit al-Sahel. Hapo ndipo familia ilipoishi. Said alifariki 1856, na mwanawe Barghash alipokalia kiti mwaka 1870 alikuwa ameshaona dunia: alikuwa amepelekwa uhamishoni Bombay baada ya kujaribu kumpindua ndugu yake Majid mwaka 1859. Wengi wanasema huko Bombay ndiko alikojifunza kupenda majengo makubwa. Mie naamini, maana ukiangalia aliyoyafanya aliporudi, mtu huyu hakutulia. Alileta maji ya bomba mjini kutoka chemchemi ya nje ya mji. Alijenga Maruhubi. Na mwaka 1883 akamaliza Beit al-Ajaib.

Sasa sikiliza, hapa ndipo watu wanapochanganya. Barghash hakulijenga jumba lile kwa ajili ya kulala. Lilikuwa la kupokelea wageni na kufanyia sherehe, la kumfanya balozi wa Kizungu aingie mlangoni abaki kinywa wazi. Kulala alilala kwake. Majumba yaliunganishwa kwa vivuko vya juu, kama madaraja yenye kuta, ili wanawake wa nyumba ya mfalme wapite kutoka moja kwenda jengine bila kuonekana na watu wa barabarani. Jumba lilikuwa na sakafu za marumaru kutoka Ulaya, milango ya kuchonga yenye aya za Kurani kwa rangi ya dhahabu, na baadaye likatiwa taa za umeme na lifti, vitu ambavyo watu wa huku walikuwa hawajaviona. Ndiyo maana ya maajabu. Hadithi ya kwamba mlango ulifanywa mpana ili Sultani apite juu ya ndovu, hiyo waachieni waongoza watalii, nao wana watoto wa kulisha.

Mwaka 1896 mambo yakabadilika kwa muda mfupi kuliko unavyochukua kuchemsha maharage. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti. Khalid, mtoto wa Barghash, akaingia Kasri akajitangaza bila ya ridhaa ya Waingereza. Wakampa muda: tarehe 27, saa tatu asubuhi, uwe umetoka. Hakutoka. Saa tatu na dakika mbili meli zikaanza kupiga. Haikufika saa nne kila kitu kilikuwa kimekwisha. Karibu watu mia tano upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa, na kwa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Meli ya Sultani, Glasgow, ikazamishwa pale pale bandarini. Khalid akakimbilia kwa balozi wa Kijerumani na kutoka hapo akavushwa Dar es Salaam. Vitabu vya Wazungu hupenda kuiita vita fupi kuliko zote duniani, na huiandika kama kichekesho. Mie sijawahi kukicheka.

Beit al-Hukm ilisambaratika, ndiyo hilo la nne nililosema. Beit al-Sahel ikaharibika vibaya. Mnara wa taa uliokuwa mbele ukawa kifusi. Beit al-Ajaib ikasimama na mikwaruzo, na mwaka uliofuata wakaliwekea mnara wa saa mbele yake, huo mnara ambao wengi wetu tuliukuta tukadhani ulizaliwa nao. Hapo sasa, kwa kuwa Kasri haikaliki, Sultani Hamoud aliyewekwa na Waingereza alikaa ghorofa ya juu ya Beit al-Ajaib mpaka alipofariki 1902. Kwa hiyo yule kijana wangu wa Muscat alikuwa na haki ya kuuliza. Ilikuwa nyumba ya mfalme kweli, ila kwa miaka michache tu, na kwa sababu ya mizinga. Mwaka 1911 ikageuzwa ofisi za serikali, makarani na mafaili, na Sultani Khalifa bin Haroub akaendelea na Kasri iliyojengwa upya pembeni. Alitawala mpaka 1960.

Tarehe 12 Januari 1964 hiyo habari haihitaji mie kuisimulia. Jamshid, aliyekuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, aliondoka kwa meli, akaishia Uingereza miaka mingi. Aliruhusiwa kurudi Oman mwaka 2020, na akafariki huko Desemba 2024. Kasri ikabadilishwa jina ikawa Jumba la Wananchi, ingawa wananchi hasa walioingia ni wale wenye ofisi ndani. Beit al-Ajaib nayo ikawa makumbusho ya chama cha Afro-Shirazi.

Mlango wa kweli ulifunguliwa 1994, Kasri ilipofanywa makumbusho. Na mimi nina kisa changu hapo.

Bibi yangu, mama yake mama, alizaliwa Ng'ambo na maisha yake yote alipita mbele ya Kasri bila kuingia. Nilimchukua siku moja, mwaka wa pili au wa tatu baada ya kufunguliwa. Tulipofika mlangoni akavua viatu. Mlinzi, kijana mwenye adabu zake, akamwambia, "Bibi, ingia tu na viatu, hapana tabu." Bibi akamjibu, "Mwanangu, nyumba ya watu hii." Akaviweka kwapani akapanda ngazi. Tukazunguka. Chumba cha Salme, aliyetoroka 1866 akaolewa na Mjerumani na kuandika kitabu cha maisha yake. Viti vya mbao nzito vya kuchonga, picha za masultani ukutani. Bibi kimya. Tukafika juu, kwenye vyumba vya Sultani wa miaka ya 50, na pale kuna makabati ya fomika. Fomika, ndugu zangu! Ile ile ya meza ya jikoni. Bibi akalipapasa lile kabati, akanigeukia: "Alaa. Kumbe nao walinunua hizi hizi." Njia nzima ya kurudi Ng'ambo alicheka peke yake. Na viatu akavivaa wakati wa kutoka, ndani ya ukumbi, kabla hajafika mlangoni.

Hiyo ndiyo faida ya kufungua nyumba ya namna ile, wala sijui namna bora ya kuieleza. Mtu aliyeambiwa maisha yake yote kwamba ndani mna dhahabu, akaingia akaona kabati la fomika.

Beit al-Ajaib ilifunguliwa baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikiwa makumbusho ya historia na utamaduni. Mji Mkongwe ulikuwa umeingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000, na kulikuwa na hamasa. Ndani uani walijenga mtepe, jahazi lile la kale la kushonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja, ukubwa wake halisi. Ukipanda roshani ya juu unauona kwa chini kama samaki mkubwa aliyelazwa. Halafu kukaja maonesho ya picha, kanga, vyombo vya muziki. Wakati wa tamasha la filamu la ZIFF, lililoanza 1998, shughuli zilisambaa ufukwe wote: filamu usiku katika uwanja wa Ngome Kongwe, na pale jirani Beit al-Ajaib maonesho na mazungumzo. Kuanzia 2004 likaja Sauti za Busara. Kwa miaka kadhaa ufukwe ule wote, ambao mtu wa kawaida alikuwa akiupita kwa kuinamisha kichwa, ukawa uwanja wa sanaa.

Na sanaa kwenye nyumba zile si ngeni, ila zamani ilikuwa ya kufungiwa. Inavyosimuliwa, Barghash ndiye aliyempeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kupiga ganuni, akarudi kumpigia mfalme. Taarabu ikawa ya Kasri, na ikaimbwa kwa Kiarabu. Ikhwani Safaa wakaunda chama chao 1905, watu wa mjini wenye nafasi. Mpaka alipotokea Siti binti Saad, mtoto wa Fumba aliyeuza vyungu, akaimba kwa Kiswahili mambo ya watu wa Ng'ambo, hata wakubwa wakamwita. Mwaka 1928 alikuwa Bombay anarekodi sahani. Kwa hiyo mtu akiniambia eti kuweka ngoma na taarabu ndani ya jumba la mfalme ni kulidhalilisha, namuuliza, kwani taarabu ilitoka wapi?

Sasa tuje kwenye kuanguka, manake ndiyo inayouma.

Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na udongo, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Barghash alitaka kumbi pana, kwa hiyo jumba lake likatumia chuma: nguzo za chuma zinazozunguka roshani nje, na mihimili ya chuma ndani ya sakafu. Kwa wakati ule ilikuwa ndiyo teknolojia mpya kabisa. Lakini chuma na bahari hawapatani. Upepo wa chumvi unaingia, paa likivuja maji yanashuka ndani ya ukuta, chuma kinapata kutu. Na kutu si kupungua tu kwa chuma. Kutu inavimba. Chuma kilichozikwa ndani ya ukuta wa chokaa kikivimba, kinaupasua ukuta kutoka ndani, na wewe nje unaona rangi nyeupe safi. Halafu kuna wale wanaoziba nyufa za chokaa kwa saruji wakidhani wanaimarisha. Ukuta wa matumbawe unataka kupumua, unanyonya unyevu na kuutoa. Ukiufunika kwa saruji unyevu unabaki ndani, jiwe linaoza kimya kimya. Fundi yeyote wa zamani wa chokaa atakwambia hivyo, nami nimewasikia zaidi ya mmoja.

Mwaka 2012 sehemu ya jengo ilianguka na ikabidi lifungwe. Hapo ndipo hatari kubwa ilipoanzia, kwa maoni yangu. Nyumba yenye watu, hata ikichakaa, kuna mtu anayeona tone likidondoka na kuweka ndoo, kesho akaita fundi. Nyumba iliyofungwa haina wa kuona. Miaka ikapita, mipango ikaandikwa, hatimaye serikali ya Oman ikatoa fedha na ukarabati ukaanza.

Tarehe 25 Desemba 2020, siku ya Ijumaa, kazi ikiendelea, upande wa mbele unaotazama bahari ulishuka pamoja na mnara wa saa. Wafanyakazi wawili walifariki chini ya kifusi. Nilipata picha kwenye simu kabla ya kusikia habari yenyewe, na kwa muda nilidhani ni utani wa mtu aliyechezea picha. Vumbi jeupe, na nyuma yake anga pale palipokuwa na mnara.

Sababu za kitaalamu za siku ile siwezi kuzisemea, wapo waliopewa kazi hiyo. Ninachotaka kusema ni juu ya maneno yaliyofuata, kwa sababu yaligawanyika pande mbili na zote mbili zilinikera.

Upande mmoja waliomboleza kana kwamba umekufa ufalme. Lirudishwe kama alivyoliacha Barghash, waliandika, tuone tena fahari ya zama zile. Jamani, fahari ya zama zile ililipwa na nani? Karafuu za mashamba ya Unguja na Pemba zilichumwa na watumwa. Barghash ndiye aliyetia saini mwaka 1873 kufunga soko la watumwa, tena kwa kubanwa na Waingereza, na utumwa wenyewe ukafutwa kisheria 1897, jumba likiwa tayari na miaka kumi na minne. Ukilirudisha jumba bila ya kuyaandika hayo ukutani, umerudisha rangi tu.

Upande wa pili walisema afadhali, limeanguka la mabwana, tusipoteze fedha. Hawa ndio walionikera zaidi, kwa sababu wamesahau nani aliyelibeba. Mawe yale yalichongwa na kupangwa kwa mikono ya watu wa visiwa hivi. Milango ile ni kazi ya mafundi waliokuwa na majina, tukayapoteza. Na wale wawili waliokufa siku ya Ijumaa hawakufa kwa ajili ya Barghash, walikuwa kazini wakitengeneza jengo la umma. Kuliacha liwe uwanja mtupu ni kuwafukia mara ya pili. Tena uwanja mtupu ufukweni haukai mtupu, mnajua wenyewe. Jengo la Mambo Msiige, la serikali vile vile na la zamani vile vile, leo ni hoteli. Zuri sana, limepakwa rangi, lina bustani, na bibi yangu angefika mlangoni asingekuwa na haja ya kuvua viatu kwa kuwa asingeingia.

Kwa hiyo nikiulizwa, mie nataka lisimame, na likisimama liwe na kazi. Makumbusho peke yake hayatoshi. Vioo na vibao vya maelezo mtu huja navyo mara moja, akishaona kaona, hasa sisi wenyeji. Kinachomrudisha mtu ni shughuli: madarasa ya ganuni na udi kwa watoto wa skuli, maonesho ya wachoraji wetu badala ya kuwaacha wauze Tingatinga barabarani tu, usiku wa taarabu ambao kiingilio chake mama wa Kikwajuni anaweza kukitoa bila kufikiria mara mbili. Hilo la kiingilio silirembi. Kwenye matamasha ya zamani kuna usiku nilikaa Forodhani na wenzangu tukisikiliza muziki unaovuka ukuta wa Ngome Kongwe, kwa sababu mfukoni mlikuwa na nauli tu. Hatukuwa peke yetu, ukuta mzima ulikuwa umejaa watu wa kwetu upande wa nje.

Hayo ndiyo niliyomweleza kijana wa Muscat, kwa ufupi zaidi. Akaniuliza swali la mwisho: ule mtepe umepona? Nikamwambia nina picha moja tu niliyoipiga kutoka roshani ya juu, imepoteza rangi na nusu yake ni kidole changu. Kama kuna mmoja wenu aliyempeleka mtoto au mgeni pale kabla ya 2012 akapiga picha nzuri ya uani, na mtepe unaonekana wote, naiomba. Aseme na mwaka aliopiga.